Mkalimani Aliyewapa Mgongo Wakubwa

Shangazi Kanisia, mpendwa wangu,

Shikamoo. Marahaba yako nimejijazia mwenyewe, maana ulizoea kuitoa kwa sauti ya kuvuka mto, na bado ninayo masikioni. Sisi huku tu wazima. Baba ni mzima, ila magoti yanamsumbua akipanda kilima cha kwenda kanisani, na bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia. Sikuandikii ili nikulilie. Kilio chako tulikimaliza, tena ulikuwa umetukataza kukirefusha. Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye mkutano wa kijiji kulitokea jambo kubwa, na mkutano ulipovunjika niligeuka nikutafute nikusimulie, ndipo nikakumbuka kwamba hupo. Basi nimeliandika. Na barua yenyewe nimeiacha wazi ili yeyote aisome, kwa kuwa wewe hukuwahi kuamini habari ya kunong'onezana.

Wasiokufahamu nitawaeleza kidogo, uniwie radhi. Ulikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Uliolewa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, ukakaa huko mpaka mume wako alipofariki, kisha ukapanda kurudi kwetu milimani, upande wa Mbuji, ukiwa na sanduku moja la bati na lugha tatu: Kimatengo ulichozaliwa nacho, Kinyasa ulichokikuta kwa mumeo, na Kiswahili. Kiswahili ulikiokota sokoni. Wanawake wa kwetu walishuka na maharage na mahindi, wa ziwani wakatandaza samaki wao, usipa na mbasa, na wakianza kubadilishana walikuwa wanaelewana nusu na kugombana nusu. Wewe ulisimama katikati. Ulinieleza siku moja, tukipepeta maharage, kwamba pale ndipo ulipojifunza kutopunguza neno. “Ukimpunguzia huyu, jioni anakuja na ndugu zake. Ukimpunguzia yule, naye ana ndugu.” Ulisema hivyo ukicheka, lakini nadhani uliwahi kukimbizwa kweli.

Ndiyo maana viongozi wa kijiji walikuita kila walipokuja wageni wa serikali. Wageni hao walitoka mikoa ya mbali, Tanga, Mara, Dodoma, na wengi wao walikuwa watu wazuri. Ila walikuja na Kiswahili cha ofisini, kile cha uhamasishaji na utekelezaji, na wazee wetu, hasa kina mama, waliitikia “ndiyo” kwa adabu huku hawajaambulia kitu. Hapo ulisimama mbele ya meza kuu, halafu ukawapa mgongo waliokaa mezani. Mgeni mmoja aliwahi kulalamika.

“Mama, hebu geuka basi, nasi tukuone.”

“Ninyi mmeshaniona,” ulimjibu bila kugeuka. “Ninaowatafsiria wako huku.”

Ulitafsiri kila kitu. Mgeni akikohoa, ulisema kwa Kimatengo kwamba hapo amekohoa. Watu walivunjika mbavu, naye mgeni akatabasamu asijue kinachochekwa. Na ya wanakijiji kwenda kwa mgeni hukuyapunguza pia. Nakumbuka mzee mmoja alinung'unika kule nyuma, ukamgeukia mgeni kwa mara ya kwanza siku ile: “Bwana mkubwa, mzee yule anasema unadanganya, lakini amesema kwa heshima.”

Kilichowaudhi zaidi ni mkia wa tafsiri yako. Mgeni akimaliza, nawe ukimaliza, ulikuwa huketi. Uliongeza: “Hayo ndiyo aliyosema. Lini, hajasema. Nani atasimamia, hajasema.” Kuna bwana mmoja alikasirika, akakwambia kazi yako ni kutafsiri wala si kuhoji. Ukamjibu taratibu kabisa: “Sijakuhoji, baba. Umenyamaza, nami nimewatafsiria kimya chako.” Siku hiyo nilikuwa mtoto, nimekaa chini kwenye majani, na nilijua kwamba nikikua nataka kuwa wewe.

Nikakua, nikawa mjinga kwanza.

Nilimaliza kidato cha nne shule ya bweni, nikarudi nyumbani na Kiswahili cha insha na Kimatengo kilichoanza kupinda. Soko huria lilikuwa limeingia mpaka vijijini. Ushirika uliokuwa ukitununulia kahawa ulikuwa unachechemea, na wanunuzi binafsi walipanda milima yetu kwa magari yao, kila mmoja na ahadi zake. Magazeti nayo yaliongezeka. Kwetu yalifika yamezeeka, yamefungiwa usipa kutoka ziwani, nawe uliyakunjua, ukayaanika, ukanipa nikusomee kwa sauti baada ya chakula cha mchana. Nikifika palipochanika nilikuwa nabuni. Nilikuwa na kipaji hasa cha kubuni. Ulinikamata siku ya kwanza tu.

“Hapo pamechanika,” ulisema. “Umeyatoa wapi hayo?”

“Nadhani ndivyo ilivyoendelea, Shangazi.”

“Basi sema hujui. Mimi siogopi mtu asiyejua. Naogopa anayenijazia.”

Nikainamisha kichwa, nikasema sawa, na somo halikuniingia hata kidogo.

Yakaja yale ya kahawa. Tulikuwa tumemaliza kuvuna, vumbi limetanda, nawe ulikuwa umeshuka Kihagara kwenye msiba wa shemeji yako. Akaja wakala wa kampuni moja ya kahawa, bwana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, na karatasi aliyosema imetoka wilayani. Mwenyekiti alitazama huku na huku, hukuwepo, akaniita mimi. “Njoo hapa, Editha, wewe si umesoma?” Nilikwenda mbele nikijisikia. Nikavuta kiti, nikakaa na waliokaa meza kuu, nikakunja mikono kama wao.

Yule bwana alisema maneno marefu. Kahawa yetu imezeeka, alisema, soko jipya linataka kahawa ya miche mipya, na mkulima anayependa anashauriwa kung'oa mibuni mikuukuu, kidogo kidogo, akishapata miche mkononi, na inayobaki aikate vichwa ichipue upya. Yote hayo aliyatamka, ni lazima nimtendee haki. Mimi ndiye niliyeyameza. Nilianza vizuri, kisha nikakwama katikati, wanawake wawili wakacheka Kimatengo changu, jasho likanitoka. Nikaamua kufupisha. Nikawaambia watu kwamba wilaya imesema tung'oe kahawa ya zamani. Basi. Nikakaa. Yule bwana, ambaye hakujua hata neno moja la Kimatengo, alinipongeza kwa ufasaha, nami nikaipokea pongezi.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa watu wazima walikubalije. Lakini kwetu kahawa haikuwahi kuwa mali yako ukaamua utakavyo. Tangu zamani tuliambiwa tuipande, tukaambiwa lini tuipige dawa, na kung'oa shina moja bila kibali lilikuwa kosa la kuitwa ofisini. Kwa hiyo tangazo la kung'oa lilipokuja, watu walidhani ndilo soko huria lenyewe limefika: kilichokatazwa jana, leo kimeagizwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulizoea kuagizwa, tukaagizika.

Na wa kwanza kuamka alikuwa Baba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Asubuhi yake alichukua sururu akaenda kwenye mteremko ulio jirani na nyumba yetu, juu ya mto, pembeni ya ngolo zake, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko kulimia mahindi na maharage ili mvua isibebe udongo. Akaanza kung'oa. Jirani alipomuuliza ana haraka gani, alimjibu kwa fahari: “Aliyetuletea habari ni binti yangu mwenyewe. Nimngoje nani tena?” Kwa siku tatu aling'oa mistari minne. Yalikuwa mashina aliyoyapanda akiwa bado hajaoa, yenye afya, yanayongoja mvua za kwanza yachanue. Kahawa ile ndiyo iliyonisomesha. Kahawa ile ndiyo iliyoezeka nyumba yetu bati. Mche mpya hukaa miaka kabla haujakupa kitu, na miche yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona. Majirani nao walikuwa wameanza kunoa majembe.

Ulirudi siku ya nne na kapu la usipa kichwani. Hukuingia ndani. Ulilitua kapu kando ya mashina yaliyolala, majani yake bado ya kijani, ukashika tawi moja ukalitazama.

“Nani kasema?”

Baba akakuelekeza kwangu kwa kidevu, bado ana fahari zake, maskini.

“Editha. Alisema nini huyo mtu? Yote, usiniachie hata moja.”

Nikaanza kukumbuka. Kadiri nilivyokumbuka ndivyo sauti yangu ilivyozidi kushuka. Nilipofika kwenye “anayependa” na “akishapata miche mkononi”, sauti iliisha kabisa. Baba alikuwa amesimama na sururu begani. Aliishusha taratibu, akaiegemeza ukutani, akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka ugali ulipoiva. Hakunipiga wala hakunitukana. Ningefurahi angefanya kimojawapo.

Wewe nawe hukunibembeleza. “Machozi yako yatangoja,” ulisema. “Wenzetu wananoa majembe. Vaa viatu.”

Tulitembea mpaka ofisi ya kata, wewe mbele, mimi nyuma. Bwana Shamba wetu wakati ule alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu mpole aliyezoea kulalamikia baridi yetu hata jua likiwaka. Alisimama ulipoingia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nimekuja kuiona karatasi.”

“Karatasi gani, mama?”

“Ile ya kahawa. Nasikia ipo. Sijaiona, na kahawa ya mdogo wangu imeshaanza kulala chini.”

Alijikuna kichwa. Alisema waraka ni wa ofisi.

“Unahusu kahawa ya nani?” ulimuuliza. “Ya ofisi?”

Alicheka, Shangazi. Alicheka kicheko cha mtu aliyeshindwa na anajua kwamba ameshindwa vizuri, akafungua kabati. Uliusoma kwa kidole, midomo ikitembea, mstari kwa mstari, na mara mbili ulirudi nyuma. Kisha ukanipa daftari, ukaniambia ninakili. Nilinakili kila kitu, kuanzia namba ya kumbukumbu kule juu.

“Andika na muhuri.”

“Muhuri haunakiliki, Shangazi.”

“Andika kwamba upo.”

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: “Hapa pana muhuri wa duara, umefifia kidogo upande wa kushoto.” Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Kabla hatujatoka Bwana Shamba alituambia jambo jingine, kwamba miche yenyewe bado. Kitalu cha wilaya hakijaanza kutoa, na cha yule wakala ndiyo kwanza mbegu ziko ardhini. Uliniuliza kama hilo lilisemwa mkutanoni. Nikasema hapana, hilo hakulisema.

“Haya,” ulisema, “angalau hapo waliomeza maneno mmekuwa wawili.”

Jumapili, baada ya Misa, katekista alipomaliza kusoma matangazo ya ndoa na ya zamu za usafi, ulimwomba nafasi. Watu wakatoka wakasimama uwanjani mbele ya kanisa. Nilijua utasema wewe. Nilikuwa nimejiandaa kusimama nyuma ya mgongo wako nikitazama chini. Ukanishika kiwiko, ukanisogeza mbele. “Atatafsiri yule yule,” ulisema, halafu ukaenda kukaa na watu kwenye ngazi, umekunja khanga yako vizuri, kama mtu aliyekuja kusikiliza tu.

Shangazi, sijawahi kuogopa kama siku ile. Wala siku ya kujifungua sikuogopa hivyo. Nilisoma waraka mstari kwa mstari, na kila mstari niliutafsiri mzima. Nilipokosa neno la Kimatengo nilisimama nikauliza, na walionisaidia ni wale wale wanawake wawili walionicheka. Nilipofika mwisho niliwaambia ukweli: kwamba yote haya yule bwana aliyasema, na mimi ndiye niliyewanyima. Niliwaambia sikuyasahau. Niliyaruka kwa sababu niliona aibu, na niliona ni heri nionekane najua. Nikaacha hapo.

Nilimtafuta Baba. Alikuwa upande wa wanaume, akasimama, akavua kofia yake. Nikajikaza.

“Editha,” alisema, “hiyo karatasi nyuma ina nini?”

Nikatazama daftari langu. Nikalipindua, kana kwamba nyuma ya daftari langu ndiyo nyuma ya waraka. “Sijui, Baba,” nilisema. “Hatukuigeuza.”

Na nikakutazama wewe. Wewe uliyetafsiri hadi kikohozi, uliyeandikisha hata muhuri! Ulikuwa umeziba mdomo kwa khanga, macho yamekutoka. Hukuwa umeigeuza! Baba ndiye aliyeanza kucheka. Kikafuata kicheko cha uwanja mzima, na katekista naye, na wewe ukacheka mpaka ukapigapiga ngazi kwa kiganja. Ndani ya kicheko kile nilisamehewa, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo.

Asubuhi ya Jumatatu Bwana Shamba alifika ofisini akakuta watu wamejaa mpaka barabarani. Wazee, kina mama na watoto migongoni, mwenyekiti mwenyewe, na Baba mbele yao wote. Aliuliza kwa wasiwasi kama tunaandamana.

“Hapana,” Baba alimwambia. “Tumekuja kusoma.”

Alitoa meza nje. Akaweka waraka juu yake, akaukandamiza kwa jiwe upepo usiuchukue, na tukausoma pande zote mbili, mimi na wewe tukipokezana. Nyuma palikuwa na aya tatu. Kwamba anayeleta miche sharti ikaguliwe kwanza. Kwamba sharti akubaliwe na mkutano mkuu wa kijiji. Na kwamba mkulima yeyote asilazimishwe kung'oa. Mzee yule mnung'unikaji aliomba isomwe tena kutoka chini kwenda juu, isije ikawa kuna kilichojificha. Tukaisoma. Bwana Shamba akaagiza chai.

Wakala aliporudi, alikuja kuandikisha majina ya waliong'oa ili awauzie miche itakapokuwa tayari. Alikuta uwanja wa shule umejaa. Ulisimama mahali pako, ukampa mgongo kama kawaida, nami nikiwa pembeni yako. Safari ile watu hawakungoja. Mama mmoja aliuliza miche iko wapi ili tuione kwa macho. Mwingine akauliza imekaguliwa na nani. Baba akauliza ni kwa nini alitusomea mbele akaacha nyuma. Maswali yalikuja mengi, mengine mawili kwa pamoja, ukatafsiri mpaka pumzi ikakuishia, ikabidi uombe maji. Hatukumtukana yule bwana, wala hakuna aliyenyanyua hata kijiti. Tulimuuliza tu, na tukangoja majibu. Alijibu mawili matatu, akatazama kalamu zake, akasema itabidi arudi akawasiliane na wakubwa zake. Gari lake lilipogeuka, wanawake walipiga vigelegele ambavyo nina hakika vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Baada ya mistari minne ya Baba, hakuna shina jingine lililong'olewa kwenye kijiji chetu kwa ujinga. Hakuna! Tulishinda, Shangazi. Nimezunguka kidogo hapa duniani tangu siku ile, na sijaona ushindi uliopatikana kwa zana chache namna hiyo.

Miche ilikuja baadaye, ikakaguliwa, ikajadiliwa mkutanoni hadi watu wakachoka. Baba alipanda yake kwenye ule mteremko na sasa inazaa. Kahawa ya zamani tuliikata vichwa ikachipua upya, kama waraka ulivyoshauri. Ule ushauri ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa sisi kutoufahamu wote.

Siku hizi wanakuja watu wa semina, wanatuketisha darasani na kutuuliza raia mwenye taarifa ni mtu wa namna gani. Wenzangu hujibu vizuri: anayesikiliza redio, anayesoma magazeti, anayejua sheria. Ni kweli, wala sibishi. Lakini mimi huwa nakufikiria wewe. Wewe hukujua mengi. Hukujua majina ya mawaziri, ulimchanganya huyu na yule kila siku, na gazeti lako lilinuka samaki na lilikuwa la mwezi uliopita. Ila ulijua mahali ambapo kujua kwako kunaishia. Ulijua ofisi inayofuata iko wapi, na ulikuwa radhi kutembea. Ukikosea, kama ulivyokosea siku ile ya karatasi, ulicheka mbele ya watu na asubuhi ukaenda kurekebisha. Nilitoka shuleni nikidhani mwenye taarifa ni yule mwenye jibu tayari. Nimefundisha darasani miaka mingi sasa, na bado napigana na ugonjwa huo, kwa watoto na kwangu mwenyewe.

Nakukumbuka sana, nisiseme uongo. Nakukumbuka ukipepeta. Nakukumbuka ulivyonipeleka Kihagara nikiwa mdogo, ukanionyesha usipa umeanikwa mchangani hadi macho yanachoka, na ukanitambulisha kwa kila mwanamke pale kama mtoto wako, si wa mdogo wako. Nilifurahi sana siku ile, na nadhani hukuwahi kujua, kwa hiyo nakwambia sasa.

Sasa la juzi.

Unajua kwamba tangu ulipoondoka mimi ndiye mkalimani. Nimekuwa nikisimama pale ulipokuwa ukisimama, nikiwapa mgongo wakubwa, na wamezoea. Juzi alikuja afisa wa maji, dada mmoja kutoka Mara, kutueleza juu ya mradi wa bomba na kamati ya kuusimamia. Aliongea vizuri tu. Alipomaliza nikageuka kuwatazama watu, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshasimama. Akamwambia kwa Kiswahili, moja kwa moja: “Samahani, dada. Hiyo kamati tutaichagua sisi, au mmekuja nayo?” Kabla afisa hajamaliza kujibu, babu mmoja akauliza lake kwa Kimatengo, na binti aliyekaa karibu naye akalitafsiri pale pale alipoketi, zima, bila kusubiri aitwe. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Dada wa watu alikuwa anaandika kwa kasi na anajibu kwa uaminifu, na mimi nimesimama katikati, mikono inaning'inia, sina mtu wa kumtafsiria. Mwenyekiti akaniinamia.

“Mwalimu, wewe kaa tu.”

Nikakaa, Shangazi. Nikakaa chini na watu, kwenye majani. Kwa miaka yote hii nilikuwa nimebeba maswali ya wenzangu kwenda na majibu kurudi, nikihakikisha hakuna kilichopungua, na kazi ile hairuhusu kuchomeka lako. Nilipokaa tu, nikagundua kwamba ninalo. Nina swali langu mwenyewe, la kwangu, kuhusu chanzo cha maji kilicho juu ya shamba letu. Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti alinitazama, akahesabu kwa kidole, akasema ningoje zamu. Mbele yangu kulikuwa na watu kumi na mmoja.

Nilingoja, Shangazi, huku nacheka peke yangu. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikauliza.

Pumzika kwa amani. Baba anakusalimu, na Mbuji yote inakusalimu.

Ni mimi, binti wa mdogo wako,

Editha